Ausi Yupo, Atakuja

Domitila hakuwa mtu wa kukaa. Hata kanisani alichagua benchi la nyuma, karibu na mlango, na mahubiri yakirefuka ungemkuta nje kivulini, amesimama anatikisa mguu. Katika maabara ya hospitali moja ya Nachingwea, alikofanya kazi tangu miaka ya tisini inaanza, kiti chake kilikaliwa na wageni tu. Wenzake walimtania kwamba siku akifa kaburi lake lichimbwe refu kwenda chini, maana huyu hatalala, atazikwa wima. Naye alicheka pamoja nao, huku akipanga upya chupa ambazo alikwisha kuzipanga asubuhi.

Kilichomnyima utulivu ni damu. Hospitali haikuwa na damu ya akiba. Umeme ulikatika ulivyotaka, friji ya maabara ikageuka kabati la kawaida, na gari la kuleta damu kutoka mbali lilikuwa la kusikia tu. Basi Domitila akaamua damu ikae mahali isipoharibika, yaani ndani ya watu wenyewe. Akawa anawapima watu magulioni, kwenye viwanja vya mpira, nje ya misikiti baada ya swala na nje ya makanisa baada ya misa. Kila aliyekubali kuitwa siku ya shida aliandikiwa kadi: jina lake, kijiji chake, kundi lake la damu, na njia ya kumpata. Mtu akihitajika anaitwa, anakuja kwa miguu yake, damu ingali ya moto. Huo ndio ulikuwa mfumo wa Domitila, na aliupenda kupita kiasi. Mumewe alimwambia hivyo waziwazi kabla hajahamia Mtwara.

Mfumo wenyewe haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa la dunia, iliyokataa katakata kukaa mahali pamoja. Mwanzoni njia ya kumpata mtu ilikuwa balozi wa nyumba kumi. Unatuma neno kwa balozi, balozi anamwamsha mtu wake, kazi imekwisha. Vikaja vyama vingi, na siku moja mjumbe akarudi mikono mitupu: balozi amesema hizo kazi si zake tena, yeye sasa ni wa chama, na huyo mnayemtafuta ni wa chama kingine. Mgonjwa aliyekuwa akisubiri damu hiyo hakuiona jioni. Domitila alilia chooni ili asionekane, kisha akatoka, akazitandaza kadi zote sakafuni, akapiga magoti na kuanza kufuta.

Mahali pa balozi akaweka malori ya ushirika. Madereva waliobeba korosho walikijua kila kijiji, wakawa ndio wapeleka habari. Hilo nalo halikudumu. Biashara huria ikaingia, ushirika ukalegea, wakaja wanunuzi binafsi na malori yao yaliyokwenda yalikotaka na kurudi yalipojisikia. Kadi zikarudi sakafuni. Zilikuwa hazijatulia vizuri sandukuni, Ruangwa ikafanywa wilaya inayojitegemea, na kadi zilizopangwa kwa wilaya na kata zikawa hazina kichwa wala miguu.

Kila kilichohama alikifuta, na baada ya kufuta mengi akaona kimebaki kitu kimoja kisichohama, nacho ni jina. "Balozi anaondolewa, wilaya inakatwa, lori linabadili njia, lakini mtu anakufa na jina lake," alikuwa akisema, tena kwa sauti, mbele ya yeyote aliyekuwa tayari kusikiliza na hata asiyekuwa tayari. Akazipanga kadi zote upya kwa majina. Wiki hiyo aliweza kunywa chai yake yote ikiwa bado ya moto.

Mwaka 2006 hospitali ikaletewa kompyuta, na pamoja na kompyuta akaletwa Jonasi, kijana mrefu kutoka Dar es Salaam mwenye simu mbili na shati lisilochomekwa. Kazi yake ilikuwa kuziingiza kadi za Domitila ndani ya mashine. Alizipitia siku nzima moja baada ya nyingine, na kila mara alikuwa akitikisa kichwa kwa heshima.

"Mama, hii kitu ni kali," akasema. "Mi nilijua nakuja kukuta makaratasi tu. Ila naomba tumpe kila mtu namba. Jina libaki pembeni, namba ndiyo iwe yeye."

Domitila alikuwa amesimama dirishani. "Namba? Watu hawa si magunia ya korosho, baba. Gunia ndilo linalopigwa namba."

"Si kwa ubaya, mama. Majina yanafanana. Majina yanakosewa. Siku jina likileta utata, mfumo mzima unayumba."

"Nimefuta mabalozi, nikafuta malori, nikafuta hadi wilaya. Sasa wewe unataka nifute na jina? Tukishalifuta tutakuwa tunamwita nani?"

Jonasi akainua mikono. Yeye alikuwa mgeni, na mkubwa wa maabara alikuwa Domitila. Mashine ikapangwa kwa majina kama mama alivyotaka. Mahali pa njia ya kumpata mtu wakaandika namba ya simu, yake mwenyewe au ya jirani, kwa kuwa minara ilikuwa imeanza kusimama na kila mwenye duka alitembea na simu kiunoni. Hilo la simu Domitila alilikubali shingo upande. Alijua nazo zitahama tu siku moja, na wazo hilo lilimwasha mwilini hata kabla simu yenyewe haijapigwa.

Mvua za kwanza zilipokaribia, mdogo wake Prisca akaja kwake kutoka Nambilanje, tumbo likiwa la miezi minane. Huko Nambilanje alikuwa ameolewa na mkulima wa ufuta, mtu mpole asiyeongea sana, na nyumba yao haikuwa na mtoto. Wa kwanza alifia tumboni. Wa pili alizaliwa wa manjano, akaishi siku chache. Domitila ndiye aliyempima Prisca akaijua sababu. Damu yake ilikuwa kundi O hasi, damu ambayo katika nchi hii ni ya watu wachache mno, na mwili wake ulikwisha kujifunza kuipiga vita damu chanya, hata iwe ya mtoto wake mwenyewe. Akitokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, hakuna kumwongezea damu nyingine yoyote isipokuwa O hasi.

"Dada, ukizunguka hivyo unanitia kizunguzungu," Prisca alimwambia jioni ya kwanza.

"Nimekaa."

"Hujakaa, dada. Umeegemea."

Jumapili Mjomba Saturnini akapita kuwasalimu. Mjomba mwenyewe alikuwa kijana wa kuvaa jezi, mdogo kwa Domitila kwa miaka mingi, aliyezaliwa akaitwa Bonifasi. Lakini Saturnini, kaka wa mama yao, alipofariki, ukoo ulikaa ukampa Bonifasi jina la marehemu, na pamoja na jina akakabidhiwa heshima yake na mizigo yake yote, kama wafanyavyo Wamakua na majirani zao wengi wa kusini hii. Domitila akapiga goti akamwamkia shikamoo. Kijana akaitikia marahaba bila haya, akauliza kama wapwa zake wanakula vizuri, akaacha kuku, akaondoka na baiskeli yake akipiga mluzi. Prisca alicheka hadi akashika tumbo. Domitila hakuona cha kuchekesha, mjomba ni mjomba. Kesho yake akarudi kazini, na mambo ya nyumbani akayaacha nyumbani.

Kazini majina ya watu wa O hasi yalikuwa ya kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Mmoja alikuwa amerudi kwao Msumbiji baada ya vita kwisha. Mmoja, mwalimu, alikuwa amehamishiwa mkoa mwingine. Wa tatu alikuwa mama anayenyonyesha, naye mwenyewe alikuwa na upungufu wa damu. Akabaki Ausi wa Mandawa.

Ausi alikuwa mkulima wa korosho mwenye kifua kipana na kicheko cha kusikika wodi ya pili, na hakuwahi kuitwa asije. Alikuja kwa lori, alikuja kwa baiskeli, mara moja alikuja kwa miguu akiwa na matope hadi magotini. Alikuwa akilala kitandani, ananyoosha mkono na kuuliza, "Leo nampa nani?" Akitajiwa jina la mgonjwa, alilirudia mara mbili ili asilisahau. Ilikuwa imepita miaka kadhaa bila kuitwa. Domitila akamwambia Jonasi apeleke ujumbe kwenye simu ya Amri, mwenye duka wa Mandawa. Maneno aliyatunga yeye mwenyewe: Ausi yupo? Anatakiwa hospitali Nachingwea mwezi huu, siku tutasema.

Jibu halikuja siku hiyo, wala iliyofuata. Mandawa mtandao ulishika juu ya kichuguu kimoja tu nyuma ya duka, na Amri hakupanda kichuguu kila siku. Siku hizo Domitila hakushikika. Alimtuma Jonasi aitazame simu, kabla Jonasi hajajibu akaichukua mwenyewe, akaitikisa, akaipeleka dirishani, akaipeleka uani. Hatimaye ikalia mikononi mwake, akaruka, nusura imwanguke. Ilikuwa imeandikwa: Ausi yupo. Atakuja.

Alisoma, akavuta kiti chake, akakaa. Watu wote wa maabara wakageuka kumtazama.

Ni kwa ajili ya maneno hayo alimkatalia Daktari Selestini. Daktari alitaka Prisca apelekwe mapema kwenye hospitali kubwa, kabla mvua hazijaharibu barabara. "Huko wana akiba," alisema. "Hapa tunamtegemea mtu mmoja."

"Mtu huyo hajawahi kutukosesha," Domitila akajibu. "Na kutikiswa barabarani njia nzima ndiko kutakakomtoa damu. Abaki, daktari. Ausi yupo."

Daktari alimheshimu, na mgonjwa alikuwa ndugu wa Domitila mwenyewe. Akakubali abaki.

Uchungu ulianza asubuhi moja ya mawingu, kabla wakati wake haujatimia. Ujumbe ukatumwa: Ausi aje leo. Bahati nzuri Amri alikuwa kichuguuni, akajibu papo hapo kwamba kuna lori la korosho linatoka. Lakini mvua ilikuwa imeshaanza kunyesha upande wa Ruangwa, na lori lililobeba korosho kwenye tope si chombo cha kukiwekea saa. Domitila akawa anatoka maabara anakwenda wodini, anatoka wodini anakwenda getini, anatoka getini anarudi maabara. Mlinzi akamhurumia, akamwekea kiti njiani. Akakizunguka.

Mchana mtoto akazaliwa, wa kike, wa manjano kidogo lakini analia kwa nguvu zote. Wakunga wakapiga vigelegele. Kisha damu ya mama yake ikaanza kutoka, na ilipoanza ikakataa kukoma. Daktari Selestini alifanya yote aliyoyajua, ikapungua, lakini ilikuwa imekwisha kutoka nyingi. Midomo ya Prisca ikapauka. Alimtafuta dada yake kwa macho.

"Dada, kaa basi."

Domitila akakaa ukingoni mwa kitanda, akaushika mkono wa mdogo wake. Ulikuwa umepoa. Alitaka kusimama, alitaka kukimbia hadi Mandawa kwa miguu, akajilazimisha kukaa. "Anakuja," akasema. "Ausi anakuja."

Honi ikalia getini. Domitila hakukumbuka baadaye alivyofika pale. Lori lilikuwa limesimama, limejaa tope hadi kwenye madirisha, na juu ya magunia walikuwa wanashuka watu: mama mmoja wa makamo aliyefunga khanga kifuani, wasichana wawili, wazee wawili, mmoja wao ana jogoo kwapani. Akawapitisha macho mmoja mmoja akitafuta kifua kipana. Hakukiona, na watu wenyewe wakamtia hasira. Yeye ameita mtu mmoja, wamekuja kama wanaokwenda harusini.

"Ausi yuko wapi?" akauliza.

Kijana mwembamba mwenye kofia mpya ya kufuma akashuka wa mwisho, akasogea mbele. "Shikamoo, mama. Ndiyo mimi."

"Si wewe. Ausi. Ausi wa Mandawa, mwenye mikorosho ya bondeni."

"Ndiyo mimi, mama. Umeniita, nimekuja."

Domitila akamshika mabega kwa nguvu hata kofia ikamwanguka. Yule mama wa makamo akaingia kati yao.

"Mwache kaka yangu," akasema, kwa Kiswahili chake cha polepole. "Huyu ni Ausi. Mimi Mwanaima, dada yake. Yule Ausi wa kwanza tulimzika mwaka juzi. Huyu nilimzaa mimi, akiitwa Saburi. Tukampa jina, sasa ni kaka yangu. Ausi akiitwa kutoa damu, huenda. Mara yake ya kwanza leo, ndio tumemsindikiza."

"Mbona hamkuniambia amekufa?"

Mwanaima akamshangaa. "Tukuambie nini, mama? Ausi yupo."

Mikono ya Domitila ikashuka. Alijiona nyumbani kwake, Jumapili ile, amepiga goti mbele ya kijana wa jezi anamwita mjomba. Jambo hili alilijua tangu utoto. Bibi yake alimwita binti yake mwenyewe mama, kwa sababu binti huyo alirithi jina la mama wa bibi, na hakuna aliyeshangaa. Alilijua hadi ndani ya mifupa, na katika miaka yote ya kutandaza kadi sakafuni hakuwahi hata siku moja kulibeba hadi kazini. Ametangaza kwa watu kwamba mtu anakufa na jina lake, yeye, mjukuu wa watu ambao kwao jina halifi kabisa. Aliuliza kama Ausi yupo, akajibiwa kweli tupu. Na kwa jibu hilo amemzuia mdogo wake hapa. Akajionea hasira, hasira ya kutaka kujipiga.

"Mdogo wangu anakufa," akasema, asijue anamwambia nani. Kisha akamshika kijana mkono, akaenda naye maabara karibu anamburuta.

Akamtoboa kidole. Tone moja kwenye kigae cheupe, tone la dawa juu yake, akachanganya, akakiinua kigae na kukilaza huku na huku. Kundi lilikuwa O. Kwa kitambo kidogo moyo wake ukathubutu. Akaweka dawa ya pili, na damu ikagandana vipunjevipunje mbele ya macho yake. Ilikuwa chanya.

Daktari Selestini alikuwa mlangoni. "Vipi?"

"Chanya."

"Tukikosa kabisa, tumwekee hiyo hiyo?"

"Mwili wake utaipiga vita. Tutakuwa tumemuua sisi wenyewe, daktari."

Kijana alikuwa bado amenyoosha kidole hewani. "Imekataa?" akauliza.

"Imekataa."

Uso wake ulianguka. Domitila alidhani ni woga, ukawa si woga. "Basi nimelitia aibu jina," akasema kijana kwa sauti ndogo. "Yeye hakukataliwa hata siku moja. Nitawaambia nini wale pale nje?"

Wale pale nje. Domitila akakiweka kigae chini. Alikuwa ameona kitu na aliogopa kukiamini.

"Mama yako na marehemu," akasema, "tumbo moja?"

"Tumbo moja, baba mmoja."

Alitoka mbio hata akampiga daktari kikumbo. Jonasi alikuwa uani amewawekea wageni maji, na Domitila akapaza sauti kabla hajafika. "Jonasi! Walete wote! Usimwache mtu, hata huyo mwenye jogoo!"

Wakaingia wote, wakajipanga ukutani, wanatazamana. Hakuna aliyeuliza mengi. Walikuwa wamekuja kwa ajili ya damu, na damu ikitafutwa si ajabu watu kutobolewa. Wasichana, chanya wote wawili. Mzee wa kwanza, kundi jingine kabisa. Mzee wa pili alishikiliwa jogoo, naye akawa chanya. Mwanaima akatoa kidole cha mkono wa kushoto, kidole kigumu cha kubangulia korosho, sindano ikapita kwa shida. Domitila akachanganya: kundi O. Akaweka dawa ya pili, akainua kigae. Damu ikatiririka laini. Akangoja, akakilaza upande wa pili, akangoja tena. Ikabaki laini. Hakujiamini, akarudia upya kwa tone jingine. Laini vilevile.

"Hasi," akasema Jonasi nyuma yake, ambaye hakujua lolote kuhusu damu hadi mwezi ule.

Wakapima wingi wa damu ya Mwanaima, wakapima magonjwa kwa vipimo vya haraka, wakaichanganya na ya Prisca kuona kama zitagombana. Hazikugombana. Mwanaima alilala kwenye kitanda kile kile alichokuwa akilala kaka yake, akanyoosha mkono, akatazama dari.

"Nampa nani?" akauliza.

"Prisca," akasema Domitila. "Mdogo wangu."

"Prisca," Mwanaima akarudia. "Prisca."

Damu iliingia tone kwa tone, na Domitila alikaa kando ya kitanda cha mdogo wake bila kuinuka, wala kutikisa mguu. Wauguzi walipita wakamtazama kwa mashaka zaidi ya mgonjwa. Jua lilikuwa limeanza kulegea Prisca alipofumbua macho vizuri akaomba maji. Akanywa, mtoto wake akilia kwa nguvu pembeni, akamtazama dada yake aliyekaa kitini, na jambo la kwanza alilouliza ni kama dada anaumwa.

Asubuhi yake lori lilikuwa linapakia kurudi Mandawa. Kabla hawajaondoka Domitila alimwita Jonasi mbele ya kompyuta.

"Wape namba," akasema.

Jonasi hakucheka, na kwa hilo Domitila alimpenda. "Kila mtu?"

"Kila mtu. Marehemu apewe yake, aende nayo, asipewe mwingine hata dunia iishe. Mwanaima apewe yake. Na huyu kijana yake, damu yake itawafaa wengine. Anayelala pale kitandani ni namba. Umesema kweli."

Jonasi akaandika. Alipofika mahali pa njia ya kumpata Mwanaima akasimamisha vidole. "Hapa niweke simu ya Amri?"

"Amri siku moja atafunga duka. Au ataangusha simu kisimani. Andika Ausi wa Mandawa."

"Ausi yupi, mama?"

"Yeyote."

Jonasi akamgeukia, akafikiri, kisha tabasamu likamjia polepole. Akaandika: Ausi wa Mandawa. Chini yake akaiweka na simu ya Amri, kwa sasa.

Nje kijana alikuwa ameshika kofia yake mkononi, bado ana soni. Domitila akamweleza kazi aliyompa: damu ya Mandawa yote iko chini yake, awajue watu, ajue nani amehama na nani amezikwa, na hospitali ikimwita alete anayetakiwa. Kijana alisikiliza kila neno, akaitikia, akavaa kofia yake vizuri. Lori likapiga honi. Mwanaima alikuwa ameshapanda, anamwita kaka yake aharakishe.

Domitila akamsindikiza hatua mbili tatu, kisha miguu yake ikaanza ile tabia yake ya zamani, na moyo nao. Barabara zitahama. Simu zitabadilika, kompyuta ile itaharibika, Jonasi atarudi Dar es Salaam. Akamshika kijana mkono wa shati.

"Na wewe ukifa?" akamuuliza.

Kijana akakunja uso, akawa kama aliyeulizwa jambo ambalo hata watoto wanalijua. Akapanda juu ya magunia, akageuka.

"Mama," akasema, "Ausi atakuja."